Nukta ilisimama saa nane mchana

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Iringa mjini. Mume wangu ni mwalimu wa jiografia sekondari, na tangu tuoane miaka kumi na sita iliyopita sijamjua kwa starehe nyingine zaidi ya pikipiki. Halewi, hachezi kamari. Likizo ikifika anafunga mizigo kwenye Honda yake ya zamani, anaaga, anakwenda kuiona nchi. Sijawahi kumzuia. Anarudi na dumu la asali na hadithi za kuwapa wanafunzi wake muhula mzima.

Mwaka juzi mdogo wake anayefanya kazi Muscat alimletea zawadi, kifaa cha rangi ya machungwa kinachoenea kwenye kiganja, kinachotuma mahali alipo kupitia setilaiti. Ada ya kila mwezi analipa shemeji huyo huyo. Kila dakika kumi nukta mpya inaingia kwenye ramani, nasi tunaifungua kwenye simu. Shangazi, mwanzoni nilishukuru mno. Nilikuwa nasema "Baba Neema kafika Makambako," nageukia upande wa pili, napata usingizi.

Kisha akaanza kuitoa linki kwa watu. Kwanza grupu la WhatsApp la walimu, halafu la waliosoma naye, halafu akaiweka Facebook. Ikawa akitoka tu, watu mia na zaidi wanamfuatilia.

Desemba iliyopita aliondoka Mbeya alfajiri kupitia Chunya na Makongolosi, akivuka kwenda Rungwa hadi Itigi, ili arudi nyumbani kwa njia ya Dodoma. Nukta zilikwenda vizuri. Saa nane na dakika saba mchana nukta ikasimama porini, mbele na nyuma kijani kitupu, hakuna hata paa moja. Nikasema labda anakula. Saa tisa ipo pale pale. Saa kumi ipo pale pale. Nampigia, naambiwa namba haipatikani. Nikafungua ule ukurasa mpaka bando likaisha, nikamtuma mtoto dukani kununua vocha. Shemeji akapiga kutoka Muscat, yeye anasema imesimama tangu saa tisa, mimi nasema saa nane, tukaanza kugombana kwa simu juu ya saa moja, kila mmoja analia.

Jioni nyumba ilishajaa. Mama mkwe presha ikapanda, tukamkimbiza zahanati. Saa mbili usiku nikafungua Facebook nikakuta mtu ameandika chini ya linki yake, "Pumzika kwa amani mwalimu wetu." Wengine wakafuata na mikono ya kuomba. Nilikaa chini sakafuni, Shangazi. Mtoto wangu wa pili alikuwa anasoma nyuma ya bega langu.

Saa tano na robo usiku ikaingia namba ngeni. Ni yeye, anatumia simu ya dereva wa lori, yupo Itigi, simu yake imezima, amepata pancha mbili. Hakujua lolote. Mvua ilianza saa nane, akaogopa kifaa kitalowa, akakifungia ndani ya lile sanduku la bati alilofunga nyuma ya pikipiki. Kilikuwa kimewaka muda wote.

Nilisamehe. Lakini Ijumaa Kuu akiwa njiani kwenda Songea, vijana wawili nisiowajua walisimama getini kwangu jioni. Mmoja akasema, "Tunajua mwalimu hayupo, yupo Njombe saa hizi, ametutuma tuchukue jenereta." Hakuwatuma mtu. Nikapiga kelele, majirani wakatoka, wakaondoka. Tangu siku hiyo silali akisafiri, na sasa si kwa ajili yake tu.

Nimemwambia auze hicho kifaa au aache safari. Yeye anasema nina hofu kupita kiasi, kwamba kifaa ni usalama wetu, na watu wanafurahi kumfuata. Likizo ya Juni inakuja, anataka kwenda Mpanda na Kigoma. Nani ana haki?

Mama Neema, Iringa

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mtoto aliposoma maneno yale nyuma ya bega lako. Poleni sana, wewe na huyo mtoto. Naomba umkalishe, kama hujafanya hivyo, umwambie kwamba walioandika hawakujua chochote, waliona nukta tu. Mtoto anaweza kubeba jambo kama lile kwa miaka bila kulisema.

Hofu yako haijapita kiasi. Na kifaa msikiuze. Mkikiuza, mwalimu atakwenda Kigoma vilevile, maana ninamjua mtu wa namna hiyo, na ataingia kwenye mapori yasiyo na mnara wa simu akiwa hana hata njia moja ya kuita msaada. Kilichowaumiza ni kwamba kuna mambo mawili hamkuyapanga: kimya kina maana gani, na nani anastahili kuiona nukta ikiwa bado inatembea.

Barabara hiyo naifahamu. Nimefanya kazi ya chanjo upande wa Manyoni na Itigi tangu mwisho wa miaka ya 1980, Yamaha AG 100 ya serikali, deli la chanjo nyuma, mbung'o shingoni. Kutoka Makongolosi hadi Itigi ni karibu kilomita 400, na mvua ya Desemba inageuza vumbi lile kuwa uji. Pancha mbili na kuingia saa tano usiku ni siku ya kawaida kwenye njia ile. Siku hizi pia nimekuwa nikifuatana na mwanangu anayeongoza safari za pikipiki. Mimi nakaa kwenye gari la mizigo na dawa, na safari iliyopita niliangalia nukta za vijana sita kwa siku tisa. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyewahi kusubiriwa, na aliyesubiri pia.

Kwanza uelewe kile unachokitazama, maana kinachotisha kikieleweka hupungua. Setilaiti za GPS ziko juu karibu kilomita 20,200, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, mchana na usiku. Kifaa cha mumeo kinasikiliza setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu, kinajua kilipo. Setilaiti hizo hazimjui mumeo na hazipokei chochote kutoka kwake. Baada ya hapo lazima kifaa kitume hiyo hesabu kwa setilaiti nyingine kabisa. Vifaa aina ya inReach vya kampuni ya Garmin vinatumia setilaiti 66 za kampuni ya Iridium, zinazopita chini zaidi, kama kilomita 780 juu yetu, zikipasiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe mpaka ufike kituo cha ardhini, uingie intaneti, ndipo ufike kwenye kioo cha simu yako. Vifaa vya aina nyingine, SPOT, vinatumia setilaiti za Globalstar, ambazo zinafanya kazi kama kioo: zinarudisha ujumbe chini palepale, kwa hiyo lazima kuwe na kituo cha ardhini ambacho setilaiti hiyo inakiona wakati huohuo. Anayetaka kununua kwa ajili ya mapori yetu aanze kwa kuangalia ramani ya huduma ya kampuni. Na kwa wasomaji wengine wanaonunua "GPS" za bei nafuu madukani, zile zinazowekwa laini ya simu: ni nzuri kwa kumfuatilia mwizi wa bodaboda mjini, lakini zikipita mnara wa mwisho zinanyamaza. Si kifaa anachokizungumzia Mama Neema.

Sasa ona ni sehemu ngapi nukta inaweza kukatikia. Kifaa kisipoona anga, hakisikii wala hakisemi. Bati ndilo baya kuliko vyote, mawimbi hayapiti. Mumeo alikifungia kwenye bati kwa kukiogopea mvua, na mimi ningefanya hivyohivyo kama nisingejua, lakini vifaa hivi vimetengenezwa kwa watu wa milimani na kwenye mitumbwi. inReach Mini, kwa mfano, ina kiwango cha IPX7, maana yake inastahimili kuzama mita moja kwa dakika thelathini. Mvua ya Rungwa haiiwezi. Tena betri inaweza kuisha, hasa ukiweka nukta za kila dakika mbili. Kifaa kinaweza kuanguka kwa mtikisiko. Vingine vina mpango wa kujipumzisha visipotikiswa, kwa hiyo mtu akilala kijijini nukta inakaa kimya hadi asubuhi. Na mnyororo unaweza kukatikia kwako nyumbani: bando limeisha, ukurasa haujajifungua upya, wewe unatazama picha ya saa mbili zilizopita.

Ndiyo maana nakuomba uache kuiangalia nukta, uangalie saa iliyoandikwa kwenye nukta. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Kuna kimya cha aina mbili na havifanani. Kama saa inaendelea kubadilika, nukta mpya zinaingia lakini zote mahali pamoja, basi kifaa ni kizima, kinaona anga, na pikipiki haitembei. Hapo ana pancha, anakula, amelala, au kweli ameanguka, na hapo ndipo pa kumwandikia ujumbe mapema. Lakini kama saa ya mwisho ni ileile ya saa nane na dakika saba na hakuna nukta nyingine baada yake, hicho ni kifaa kisichoweza kusema. Hakijakuambia kwamba mtu amesimama. Mtu anaweza kuwa amekwenda kilomita 150 mbele, kama alivyokuwa anakwenda mumeo wakati mnalia. Ramani haina namna ya kuchora tofauti hiyo, inachora nukta ileile moja.

Ule ugomvi na shemeji nao ulikuwa wa bure, masikini. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Saa nane yako ndiyo saa tisa yake, simu yake ilimwonyesha saa za kule. Wote wawili mlikuwa mnasema kweli. Kurasa nyingine zinaandika saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo 11:07 ya kwenye ramani kwetu ni saa nane na dakika saba mchana. Kabla ya safari, mwombe mumeo asimame nje ya nyumba, atume nukta moja, nanyi wote mlinganishe saa.

Sasa tuje kwenye kimya chenyewe. Wakati wetu hapakuwa na simu za mkononi. Hospitali ya misheni ilikuwa na simu ya upepo, na sisi wa vijijini tulikuwa na saa mbili za kuitwa, saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Ukikosa mwito mmoja hakuna aliyeinuka kitini. Betri ya gari imekufa, mvua ya radi, uko kwenye kuzalisha mama, sababu zilikuwa nyingi. Ukikosa wa pili, jina lako linaandikwa ubaoni. Ukikosa wa tatu, gari linatoka kulipokucha, na dereva anajua aanzie kijiji gani kwa sababu uliacha njia yako kwenye daftari. Mume wangu marehemu alikuwa analala usiku wa mwito mmoja. Alikuwa analala kwa sababu alijua hasa ni lini anatakiwa kuamka.

Ninyi mlipewa nukta kila dakika kumi bila kupewa daftari hilo. Kwa hiyo kila dakika ya kumi na moja ikawa msiba.

Kaeni chini wewe na mwalimu, watoto wakiwa wamelala, mwandike karatasi moja. Hii ndiyo tunayotumia sisi, muibadilishe mnavyoona: "Kimya cha saa mbili ni cha kawaida, hakuna anayempigia mtu. Kimya cha saa nne, Mama Neema anatuma ujumbe mmoja kwenye kifaa na kusubiri. Kila siku kabla ya saa mbili usiku, msafiri anatuma NIMEFIKA au NALALA HAPA. Ujumbe huo usipofika hadi saa nne usiku, Mama Neema anampigia shemeji, naye anaingia kwenye akaunti kuangalia nukta ya mwisho na saa yake. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi bila neno, tunapiga simu mji ulio mbele ya nukta ya mwisho na mji ulio nyuma yake." Namba za vituo vya polisi, zahanati na nyumba za wageni za miji hiyo ziandikwe palepale. Namba ya dharura ni 112, lakini ukiwa Iringa unamtafuta mtu aliyekwama Inyonga, njia ya Mpanda, namba ya kituo cha hukohuko itakufikisha haraka zaidi.

Na mwalimu naye ana sehemu yake kwenye karatasi hiyo. Vifaa hivi vina jumbe za kubofya ambazo zimeandikwa tangu nyumbani. Tatu zinatosha: "Nimefika salama." "Nimepata shida ya chombo, mimi mzima, nitachelewa." "Nalala hapa leo." Ile ya pili ndiyo ingeokoa presha ya mama mkwe siku ile. Pancha ya kwanza tu, kabla hata ya kufungua spana, anabofya. Ni sekunde chache kwake na ni usiku mzima kwako. Mwalimu, kama unasoma hapa, na natumaini unasoma, hili sikuombi kama fadhila. Aliyekubali kukusubiri anakudai hilo.

Kifaa kikae mwilini mwake, begani au kifuani juu ya koti, uso wake ukiangalia juu. Waendeshaji wengi wanakifunga kwenye usukani kwa sababu panapendeza kukitazama. Lakini mtu akirushwa, yeye huku mtaroni na chombo kule bondeni, mguu umevunjika, kitufe cha SOS, kile cha kuomba uokoaji, kinakuwa mita thelathini kutoka kwake. Nimemfunga banzi kijana mmoja aliyetambaa umbali huo. Sitaki kuona tena.

Kuhusu SOS yenyewe, kuna jambo nadhani mumeo hajakuambia, maana wengi hawawaambii wake zao. Akibonyeza, ujumbe hauendi polisi wa Tanzania. Kwa inReach unakwenda kituo cha Garmin Response, Marekani, kinachokesha saa 24. Wao ndio wanaotafuta vyombo vya uokoaji vya hapa. Na moja ya mambo ya kwanza wanayofanya ni kupiga namba za watu wa dharura alizoandika siku ya kujisajili. Je, namba yako imo? Ni ile unayotumia sasa, au laini uliyoitupa? Simu itaingia kwa namba ya nje usiyoijua, pengine usiku wa manane, na mwenye kuizoea mitandao ya matapeli ataikata. Usiikate. Weka namba mbili, yako na ya shemeji, na karibu na kitanda iwepo karatasi yenye njia yake, rangi na namba ya pikipiki, kundi lake la damu, dawa anazotumia na dawa zinazomdhuru. Kama Kiingereza cha usiku wa manane kinakutisha, shemeji awe wa kwanza kwenye orodha.

Na kitufe hicho hakileti ndege chenyewe. Kinaleta watu wanaotafuta njia, na gharama ya kumtoa mtu porini ni ya mwenyewe kama hana bima ya uokoaji. AMREF Flying Doctors, wanaowachukua wagonjwa kwa ndege, walioko Uwanja wa Wilson, Nairobi, wana uanachama wa mwaka kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwalimu aulize bei yake kabla ya kuuliza bei ya tairi mpya.

Tuje getini kwako.

Mwanangu, hapa nasimama upande wako wote, bila kupunguza. Linki ya moja kwa moja ifungwe kwa umma leo. Nukta inayotembea inamwambia rafiki mwema kwamba mwalimu kafika Njombe, na inamwambia mtu mbaya kwamba nyumba ina mama na watoto, mwenye nyumba yuko mbali, na itamchukua saa kadhaa kurudi. Wale vijana hawakuhitaji kupeleleza. Waliambiwa.

Tena kuna jambo baya zaidi ya hilo la siku moja. Fungua ramani yake ya zamani, uzitazame safari zote pamoja. Zinatawanyika kusini na kaskazini, lakini zote zinaanzia na kuishia mahali pamoja, kama nyuzi za buibui zinavyorudi katikati. Mahali hapo ni geti lako. Hata akiacha kusafiri leo, michoro ile bado inaonyesha. Hili limewapata hata wanajeshi: Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia nzima ya njia za wakimbiaji na waendesha baiskeli wanaotumia programu yake, bila majina, na Januari 2018 mwanafunzi mmoja kutoka Australia akaonyesha kwamba ukiitazama vizuri unaona kambi za kijeshi jangwani, zimechorwa na miguu ya askari wenyewe waliokuwa wanakimbia mazoezi.

Kwa hiyo safari zilizopita zifutwe kwenye ukurasa wa umma au zifichwe. Zijazo, kifaa kisianze kurekodi kabla hajafika Ipogolo, mbali na geti lenu, na kizimwe hapohapo akirudi. Ukurasa wa ramani uwekewe neno la siri, vifaa vingi vina nafasi hiyo, na neno hilo wapewe watu wanne tu kwa majina: wewe, shemeji, mwendesha pikipiki mwenzake mmoja mwenye gari, na mtu mmoja anayeishi upande anakokwenda. Kila mmoja wa hao wanne asome ile karatasi ya kimya na akubali. Asiyekubali sheria ya kimya asiione nukta.

Mama mkwe hana haja ya ramani. Mzee mwenye presha akikaa na ile nukta anaumia bure. Mpe sauti yako: saa mbili usiku unampigia, unamwambia, "Mama, mwanao kafika." Basi.

Na hao mia wanaofurahi kumfuata, mwalimu, wala sikuambii uwanyime. Najua ni nini kuwa peke yako kwenye barabara ile na kuhisi kuna watu wanaokuwazia, kunampa mtu nguvu. Wape safari ikishaisha. Rudi nyumbani, oga, lala, kisha uweke njia yote na picha zake, ukikata kilomita za mwanzo na za mwisho. Waeleze maji ya kunywa yanapatikana wapi kati ya Rungwa na Itigi, fundi wa pancha anakaa mti gani, daraja gani halipitiki Januari. Mwalimu wa jiografia ana mengi ya kuwapa kuliko nukta.

Neno dogo kama siku moja atavuka mpaka: mawasiliano ya setilaiti yana sheria tofauti kila nchi. India wageni wamekamatwa kwa kubeba vifaa hivihivi bila kibali. Aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi anayokwenda kabla ya kufika forodhani.

Juni bado ina nafasi. Jumamosi hii, kabla hamjaandika hata karatasi, fanyeni jambo moja uani kwenu. Mwalimu akiwashe kifaa, mwite mama mkwe, mwite na yule mtoto wa pili, mkae mkekani na simu yako katikati. Nukta mbili tatu ziingie. Kisha yeye mwenyewe achukue kifaa, akifungie ndani ya lile sanduku la bati, arudi akae karibu na mtoto, mnywe chai. Mtazame wote saa ya mwisho ikigoma kubadilika, dakika kumi, ishirini, nusu saa, naye baba yao yupo hapo hapo anamenya viazi.